Nani yuko macho usiku?

Mkojani huzaliwa Kojani, ila kukua hukua popote penye samaki. Wavuvi wa kisiwa hiki kidogo cha mashariki ya Pemba wamezoeleka Tanga, Mombasa, Mafia, Kilwa na Mtwara. Huenda dago, wakapiga kambi ufukwe wa watu msimu mzima, kisha wakarudi. Wajukuu zao wamelisogeza dago mbali zaidi: wako Kariakoo nyuma ya meza za vitambaa, wako Muscat, wako Uingereza. Kwa hiyo habari ya mama huwafikia kwa simu. Simu ya kwanza husema bi mkubwa siku hizi kawa msahaulifu. Ya pili husema kabandika sufuria akatoka zake, moshi ndio ulioita majirani. Ya tatu huwa ni swali tu: tumpeleke wapi?

Naona tunaliuliza swali hilo kinyume. Tunaanza na mahali, na kwa kuanza na mahali tunaishia kwenye ugomvi wa heshima: nani mtoto mwema, nani kamtupa mama, nani kakimbilia Ulaya. Mtu aliyepotewa na kumbukumbu hahitaji kwanza anuani. Anahitaji mtu aliye macho saa tisa za usiku, mlango uliofungwa kwa akili, dawa zinazotolewa kwa wakati, na uso anaouzoea. Nyumba yenye vitu hivyo, iwe ya serikali, ya kulipia au ya ukoo, inafaa. Isiyokuwa navyo haifai, hata ikiwa ni nyumba alimozaliwa.

Tatizo lenyewe si la Wazungu, kama baadhi yetu tunavyopenda kusema. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionesha kuwa takriban sita katika kila mia walikuwa na ugonjwa huu wa kusahau ambao madaktari huuita demensia. Sioni sababu ya kudhani Kojani imesalimika. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye maradhi haya ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha kati na cha chini, kama yetu. Na Waislamu wa pwani tunaijua hali hii tangu vyuoni. Suratul Hajj inamtaja mtu anayerudishwa kwenye umri dhalili akawa hajui kitu baada ya kuwa alikuwa akijua, na wazee wetu wakiomba dua humwomba Mungu awakinge nao. Tulichokosa ni mipango. Habari tulikuwa nayo.

Sasa tuangalie kilichopo. Nyumba ya wazee ya serikali kisiwani Pemba iko Limbani, Wete. Unguja kuna Welezo na Sebleni. Welezo ina historia ndefu. Enzi za himaya ya Waingereza ilikuwa nyumba ya maskini chini ya masista wa Kikatoliki. Sebleni ni matunda ya Mapinduzi ya 1964, pale serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipoamua kuwa mtu aliyekwisha nguvu alishwe na kuvishwa na nchi. Zote hizo zilikusudiwa mtu asiye na mtu. Humo wamezeeka watu waliokuja kutoka bara kufanya kazi kwenye mashamba ya karafuu, wakapitwa na ndoa na watoto, wakabaki na mkongojo. Hazikujengwa kwa ajili ya mama mwenye watoto sita ambaye miguu yake ni mizima, meno yake mazima, ila hajui tena kama leo ni leo.

Ndiyo maana kumlaumu anayeitaja Limbani ni kupoteza wakati, na kuitegemea Limbani vilevile ni kupoteza wakati. Mkojani aliyeko ng'ambo anayetafuta kwenye simu makao maalumu ya kulea wagonjwa wa kumbukumbu atayapata Marekani na Uingereza kwa wingi, na pembezoni mwa Nairobi atapata ya kulipia. Pemba hatayapata. Uamuzi wake halisi basi ni huu: mama abaki Kojani, au ahamishiwe kwa mtoto aliyeko mjini, au azungushwe kwa zamu. Hapo ndipo kukagua kunapotakiwa, na hapo ndipo sisi hatukagui kabisa, maana nani atathubutu kuikagua nyumba ya kaka yake?

Kuna Waswahili wanaojua kukagua. Ni wale wanaofanya kazi hiyo kwenye makao ya wazee ya Uingereza na Marekani, wanawake wengi na wanaume si haba, wanaoosha mama za watu usiku kucha na asubuhi wakampigia simu mama yao wenyewe asiyewatambua sauti. Ukiwauliza makao mazuri hujulikanaje, hawakuelezi habari za bustani wala kochi la sebuleni. Nenda bila ya kuaga, watakwambia, na uende wakati wa chakula cha usiku. Vuta pumzi ukumbini, mkojo hausemi uongo. Tazama kucha za wazee na visigino vyao. Uliza usiku wako wahudumu wangapi kwa wagonjwa wangapi, na wahudumu hao wana muda gani pale, kwa kuwa mahali ambapo kila mwezi kuna sura mpya hapana mgonjwa anayetulia. Uliza mgonjwa akisema anataka kwenda kwao, anajibiwa nini. Na uliza nani anaamua kumpa dawa ya kumtuliza. Hili la mwisho si dogo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuwa dawa za wagonjwa wa akili, zikitumiwa kuwanyamazisha wazee wenye demensia, huongeza hatari ya kufa. Makao yaliyojaa wazee wapole mno yanahitaji kutiliwa shaka.

Hebu yachukue maswali hayo, uvuke nayo mpaka Kojani.

Mchana, kisiwa kinashinda makao mengi ya fedha nyingi. Waholanzi wana kijiji mashuhuri kiitwacho De Hogeweyk, katika mji wa Weesp, kilichofunguliwa 2009. Wakaazi wake wote, wapatao 150 mwanzoni, ni wagonjwa wa kumbukumbu. Kuna duka, mkahawa, uwanja na njia za kutembea, na muuza duka ni mhudumu aliyefunzwa. Mgonjwa huzurura atakavyo na hapotei kwa sababu kijiji kizima kinamjua na lango la kutokea ni moja. Wageni hutoka nchi za mbali kwenda kustaajabu. Kojani nyumba zimebanana, vichochoro havipiti gari, kila mtoto anajua bibi huyu ni wa nani na analala wapi. Mama akitoka asubuhi akapitiliza nyumba yake, hapiti milango kumi hajashikwa mkono. Hakuna aliyewalipa watu hao, wala aliyewafunza, na sidhani kama wao wenyewe wanajua kuwa wanafanya jambo ambalo wengine wamelijengea kijiji kizima.

Namkumbuka bibi mmoja ambaye kila baada ya alasiri alikuwa akishuka pwani kumngoja mume wake arudi dago. Mume alikuwa amekwisha kufa zamani. Watu wazima, kwa nia njema, walimwambia ukweli, na kila alipoambiwa alilia kilio kipya kama cha siku ya msiba, kisha kesho akashuka tena. Aliyelimaliza jambo lile ni kijana mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Alimwambia bila ya kunyanyua kichwa, "Maji bado, bibi. Chombo hakiingii mpaka yajae." Bibi akatazama maji, akaona kweli yamekupwa, akakunja upande wa kanga akarudi zake nyumbani. Jibu la namna hiyo huko ng'ambo watu huwekewa mafunzo ya siku kadhaa ili walijue. Kijana alikuwa na lake, pengine kwa uvivu wa kubishana.

Au chukua sala. Mama aliyesahau husali adhuhuri, akakaa kidogo, akaamka kutia udhu asali adhuhuri. Kuna watoto wanaogombana naye: umeshasali, mama, umeshasali! Wanamgombeza nini? Dini imemwondolea wajibu aliyepotewa na akili, hivyo hana anachokosea, na kwenye mkeka ule ana amani ambayo hakuna kidonge kinachoitoa. Cha kuangaliwa ni sakafu isiwe na utelezi pale anapotilia udhu. Mzee akivunjika nyonga Kojani, safari ni chombo, kisha gari, kisha hospitali, na wengi hawarudi wakitembea.

Hiyo ni habari ya mchana. Usiku maswali yanageuka.

Kisiwa kimezungukwa na bahari, na bahari haina komeo. Maradhi haya yana tabia ya kumchafua mtu jioni. Magharibi ikiingia wengine huanza kuhangaika, kufungasha nguo, kudai waende kwao, na usingizi wao hukatika vipande. Mchana kichochoro kizima ni mlinzi. Saa nane za usiku kichochoro kimelala. Choo aghlabu kiko uani, taa hakuna au imezimwa, mlango umefungwa kwa komeo ambalo mama amelifungua maisha yake yote na mikono yake bado inalikumbuka hata kama kichwa hakilikumbuki. Basi familia hufanya moja kati ya mambo mawili: hufunga kwa kufuli kwa nje, au huacha mtu akeshe. Kufuli ya nje katika nyumba yenye moto ni hatari ambayo sitaki hata kuieleza. Kwa hiyo hukesha mtu.

Ni nani huyo? Wanaume wako dago. Mabinti wameolewa. Anayebaki ni mkaza mwana, au binti aliyeachika akarudi kwao, au mjukuu wa kike aliyetolewa skuli "kwa muda". Huyo ndiye makao ya wazee ya Kojani. Ndiye idadi nzima ya wahudumu wa usiku, na ndiye huyo huyo zamu ya mchana: anafua, anapika, anachanja kuni, anashuka pwani maji yakitoka, ananyonyesha. Nyumba ya kulipia ya Nairobi yenye mhudumu mmoja asiyelala, asiye na siku ya mapumziko na asiyelipwa, tungeiripoti gazetini. Hii tunaiita malezi mema ya Kiislamu.

Nayo aya tunayoitumia kufungia mazungumzo haya, ile ya Suratul Israa, inatukataza hata kuguna mbele ya mzazi aliyefikia uzee. Nimeisikia ikisomwa kumjibu kila anayetaja msaada wa nje. Mimi naisoma upande mwingine. Mtu aliyelala kwa muda wa saa mbili, aliyebadilisha shuka mara tatu, aliyeitwa mwizi na mama mkwe anayemwogesha, ataguna. Kama hakuguna mwezi wa kwanza, wa sita ataguna. Anayetaka aya ifuatwe sharti apange mambo ili huyo mtu apate usingizi. Kumwachia mzigo peke yake, kisha kumhesabia miguno yake, huo ni uonevu uliovikwa kanzu.

Wenye uwezo hudhani suluhisho ni kumhamisha. Mama akae Dar es Salaam kwa kaka miezi mitatu, Unguja kwa dada mitatu, kisha Wete. Kwa watoto ni haki sawa, kila mmoja apate fungu lake la thawabu na la taabu. Kwa mgonjwa ni mateso. Anayesahau habari za leo huishi kwa mazoea ya zamani: mlango uko kulia, mtungi uko pembeni, sauti ya adhana inatoka upande ule. Kila uhamisho humfutia ramani hiyo, na hawezi tena kuchora nyingine. Ndipo unasikia, "Alipokuwa Kojani alikuwa akijiendea chooni mwenyewe, alipofika Dar akawa wa pampasi." Ukoo husema maradhi yamepanda. Mara nyingi kilichopanda ni ngazi za ghorofa asizozijua, na mlango anaofungiwa kutwa kwa sababu nje kuna magari na hakuna anayemjua ni bibi wa nani.

Sisemi asihamishwe kamwe. Kama Kojani hakuna mtu wa kumlea, au nyumba iko ukingoni mwa maji, au ana maradhi mengine yanayotaka daktari karibu, ahame. Ila ahame mara moja, kwa mtoto mmoja, na wale wengine zamu yao iwe ni ya kuja wao. Nauli ya boti ya watoto watano ni nafuu kuliko kumzungusha mgonjwa mmoja.

Kabla ya yote hayo kuna hatua ambayo tunairuka kwa wepesi wa kutisha: kuhakikisha kama ni demensia kweli. Si kila anayepotea ni msahaulifu wa kudumu. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumvuruga mzee akili ndani ya siku mbili tu. Upungufu wa damu na wa lishe, homoni za tezi ya shingo, sukari iliyoshuka, dawa za presha zilizochanganywa, huzuni ya kufiwa, vyote huweza kuonekana kama ugonjwa wa kusahau, na vingi vina tiba. Mwenye mtoto wa jicho na uziwi huonekana mjinga kwa kuwa haoni wala hasikii. Vurugu ya ghafla, ya wiki moja, ni jambo la hospitali ya Wete au Chake Chake siku hiyo hiyo, na siyo la kusubiri Idd. Pemba tuna sifa ya waganga, na mama akianza kuzungumza na wafu wa kwanza kuitwa mara nyingi ni mganga. Kombe halimdhuru mtu. Kinachodhuru ni kumwambia mgonjwa ana shetani, kumfungia chumbani, na kuzipoteza zile siku ambazo kipimo cha mkojo kingeliweza kumrudisha.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko maneno mazuri hukomea. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inampa kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii, bila ya kuuliza alikuwa mtumishi wa serikali au mchanja kuni. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo la kujivunia, na Tanzania Bara halijafanywa. Lakini fedha hiyo ina mwenyewe ambaye hakumbuki kama anayo. Nani anaichukua? Kitambulisho chake kiko kwa nani? Katika ukaguzi ninaoupendekeza hili ni swali kubwa sawa na lile la mlango, na lina jibu jepesi: ichukuliwe na yule anayekesha, ijulikane na ukoo wote, na itumike kwa sabuni, pampasi, maziwa na dawa. Haitoshi. Basi wale wa Muscat na Kariakoo waongeze juu yake mshahara, narudia, mshahara, kwa huyo mlezi au kwa msaidizi atakayempokea usiku, siku tatu kwa wiki. Zawadi ya doti ya kanga kila Idd haimlipi mtu usingizi wake. Mtu wa kuajiriwa akitafutwa awe wa Kojani au wa vijiji vya ng'ambo ya kivuko, anayesema kama mama anavyosema. Mgonjwa huyu akifika mbali hubaki na lugha ya utotoni tu, na Kiswahili cha redioni hakimfariji.

Serikali nayo haijamaliza kazi yake. Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020 imeweka msingi, na wizara yenye neno "wazee" katika jina lake tunayo. Sitaki Limbani ya pili. Ningependa fedha za Limbani ya pili zilipe muuguzi mmoja anayejua maradhi ya uzee, avuke Kojani kila wiki, apime presha, aone vidonda, amfundishe mkaza mwana namna ya kumgeuza mtu kitandani, na awe na idhini ya kusema: nyumba hii imelemewa. Ningependa pia chumba kimoja kisiwani ambapo wazee wa namna hii wanaweza kuletwa asubuhi na kuchukuliwa alasiri, wakasuka ukili na kupiga soga, ili walezi wao walale. Chumba kama hicho hakihitaji ramani ya mhandisi kutoka nje. Sheha angeweza kukipata.

Mpaka hapo kitakapopatikana, ukoo una kikao chake. Vyombo vikirudi, au Idd ikikaribia na wa mbali wakaja, watu hukaa barazani kuzungumza habari za mama. Kawaida huanza kusema kaka mkubwa, akafuata mwenye fedha, na mkaza mwana huwa yuko uani akitia chai. Kikao kijacho aitwe yeye kwanza, apewe mkeka, achukuliwe mtoto mgongoni, aulizwe usiku wa jana ameamka mara ngapi. Na usiku wa kikao hicho, hao waliotoka Muscat na Kariakoo walale chumbani kwa mama.